Maneno ya Kumbeba Mama

Ofisini wananiita Visawe. Jina hilo nilipewa na mhariri mkuu wetu, ambaye sisi tunamwita Koma kwa sababu hawezi kuiacha sentensi ipite bila kuichomeka alama hiyo mahali. Sikulikataa. Kusema kweli lilinipendeza. Kuna watu wanaoitwa Kipara, kuna wanaoitwa Mbilikimo, mimi naitwa kwa ujuzi wangu, nikaona nimepandishwa cheo. Ilinichukua muda kugundua kwamba wenzangu walilitumia hasa pale nilipokuwa sifanyi lolote la maana.

Kazi yetu ni kamusi. Tunayachukua maneno ya Kiingereza moja moja, tunayatafutia wenzao wa Kiswahili, na kila mtu anagawiwa fungu lake. Mwezi ule mimi niliangukiwa na kitenzi carry. Asiyejua atasema ni kubeba tu, basi, twendeni tukanywe chai. Mimi nilimwonea huruma mtu kama huyo. Kiingereza kina neno moja la kivivu kwa mzigo wowote, popote utakapokaa mwilini. Sisi tunataka kujua umekaa wapi, umewekwa na nani, na kwa heshima gani. Mtoto akiwa mgongoni ameelekwa, akiwa mapajani amepakatwa. Ndoo ikipanda kichwani mtu amejitwika. Sarafu inafumbatwa kiganjani, ufunguo unafutikwa kiunoni, matofali yanasombwa, na mlevi aliyezua fujo anatolewa msobemsobe. Nilijaza karatasi. Nilikwenda na maneno hayo mpaka bafuni. Koma alipopita mezani pangu kuniuliza ninaendeleaje, nilimjibu kwamba nimeibeba dunia. Akatikisa kichwa, akachomeka koma moja kwenye ukurasa wangu, akaenda zake.

Katika maisha yangu yote nilikuwa sijabeba kitu kizito kuliko mfuko wa viazi, na huo niliusimamisha njiani mara kadhaa kuupumzisha. Hilo halikunijia akilini.

Nyumbani naishi na mama yangu, ghorofa ya nne. Mama alikuwa fundi cherehani, na ninasema alikuwa kwa shingo upande, maana yeye mwenyewe hajawahi kutamka kwamba ameacha. Sare za shule za nusu ya mtaa zilipita chini ya sindano yake, na suti za mabwana waliotaka matumbo yao yafichwe. Halafu macho yakaanza kuingia ukungu. Kwanza akaacha vitambaa vyeusi. Kisha akaacha kazi za mkono. Siku moja nilirudi nikamkuta ameketi dirishani, mkono mmoja sindano, mkono wa pili uzi, vimekaribiana kabisa lakini havikutani. Nikavichukua nikamtungia. Hakusema asante, na kabla ya siku hiyo nilikuwa sijawahi kumsikia mama akikosa kusema asante. Kesho yake akaifunika cherehani kwa shuka, na juu ya shuka akaweka redio.

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limebaki kutofautisha mchana na usiku tu. Daktari alitaka kuanza na la kulia, na akasema tusichelewe, kwa sababu likikomaa zaidi kazi itakuwa ngumu na yeye hatatoa ahadi. Dada yangu ni keshia kwenye duka kubwa, mji mwingine, na alipiga simu kila alipopata mapumziko mpaka akampatia mama nafasi ya kupasuliwa. Foleni ya kliniki ile ilikuwa ya miezi. Atakayekosa siku yake anarudi mkiani.

Wiki ileile lifti ya jengo letu ikafa. Fundi wa lifti akaja, akaufungua mlango, akachungulia shimoni kama mtu aliyeangusha pete, akasema kipuri kimeagizwa. Na magoti ya mama yalikuwa yamestaafu kabla ya macho. Chumbani anakwenda kwa kushikilia ukuta na migongo ya viti. Ngazi alikuwa hajazikanyaga tangu lini sijui.

"Usijali mama," nikamwambia jioni ile. "Nitakubeba."

Alikuwa anamenya kitunguu, anakipapasa kujua ganda limeishia wapi.

"Hunibebi," akasema. "Kinachobebwa ni gunia."

Sasa hapa naomba msomaji anivumilie. Mtoto mwingine yeyote angesikia nini? Angesikia mama mtu mzima ambaye kuna jambo linamkaa rohoni. Mimi nilisikia hoja ya kileksika. Nilikwenda chumbani kwangu nikiwa nimechangamka, nikachukua karatasi zangu nikaandika pembeni ya kubeba: huashiria kitu kisicho na hiari, k.m. gunia. Nikaona jinsi damu isivyopotea, mama ananisaidia kazi.

Kesho yake, wakati wa chai, nikarudi nimejipanga.

"Mama, ulikuwa na haki. Kubeba si neno. Nitakuchukua."

"Wanaochukuliwa ni wafungwa."

"Basi nitakueleka."

"Mtoto mchanga ndiye anayeelekwa. Mimi nina meno."

Nikaandika yote. Nilipomaliza kuandika nikampa kupakata, na yeye akaniuliza nitampakata vipi kwenye ngazi, nitakuwa natembea kwa kukaa? Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nikamtajia machela, akasema machela ni ya watu wa ajali. Siku iliyofuata nikapendekeza vijana wa chini, wale wanaoosha magari, waje wanne wamnyanyue na kiti chake wamshushe hobelahobela.

"Kama bingwa wa ndondi," akasema, "au kama mwizi?"

"Unavyopenda wewe."

"Sipendi."

Ofisini nilikuwa sikamatiki. Niliwasomea wenzangu majibu ya mama, wakacheka, na Koma akasema hiyo ndiyo lugha hai, kutoka kinywani mwa mzungumzaji, niendelee kumchimba. Basi nikaendelea kumchimba. Kila jioni nilirudi na kitenzi kipya, na kila jioni mama alikipokea, akakigeuza mkononi kama anavyogeuza kitambaa kutafuta dosari, akanirudishia. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwisho wa mchezo wetu kuna jicho.

Dada hakusahau. Alipiga simu ikiwa imebaki siku moja.

"Mmefikia wapi na mama?"

"Tunaendelea vizuri. Amekataa kubeba, kuchukua na kueleka. Kupakata tumekitoa sisi wenyewe. Sasa nafikiria kukongoja."

Nikasikia mashine za duka zikilia nyuma yake.

"Mimi nakuuliza kama mama atafika hospitali," akasema taratibu. "Wewe unanijibu nini?"

"Hapendi vitenzi, dada. Nimempa vyote."

"Umemuuliza kwa nini hapendi?"

"Sababu anazitoa mwenyewe. Ana sababu nzuri sana, nyingine nimezinakili."

"Nani alikuzaa wewe?"

"Si ni yeye mama."

"Pole yake," akasema, na mteja akamwita.

Nilikasirika kidogo. Nilijiambia dada hajui thamani ya utafiti. Mtu hujikuna ajipatapo, na mimi nilijipata kwenye maneno, basi huko ndiko nilikojikuna, hata pale kilichokuwa kinawasha kilikuwa kwa mtu mwingine.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta mama amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kijivu na viatu, mkoba mapajani. Sijui aliamka saa ngapi. Dereva wa teksi alikuwa ameshapiga honi chini. Nilisimama mlangoni nikitafuta, ninaapa, nilikuwa natafuta neno. Nilipapasa kila mahali kichwani, kukawa hakuna kitu.

"Huna jingine?" mama akauliza.

"Yamekwisha."

"Afadhali. Haya, chutama."

Nikachutama mbele ya kitanda, nikaona viganja vyake vinakuja mabegani mwangu, vinatafuta pa kushika, kisha uzito wote wa mama yangu ukanikalia mgongoni.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi kwa miaka nimewasikia dada na wauguzi wakisema mama ni mzito, nikidhani ni namna ya kusema. Mama si kanda la usufi. Niliposimama, magoti yangu yalitoa mlio ambao sina jina lake, na hiyo ni aibu kwa mtu wa fani yangu. Mlangoni nilijigonga bega. Kwenye ngazi ya kwanza niligundua kwamba sioni miguu yangu, na kwamba kati yetu wawili asiyeona sasa ni mimi.

"Taratibu," mama akasema sikioni.

"Naenda taratibu."

"Unapumua kama pasi ya mkaa."

"Pasi ya mkaa haipumui, mama."

"Basi inakushinda."

Ghorofa ya tatu anaishi mama mmoja anayefuga kuku kwenye roshani yake, kinyume cha taratibu za jengo. Alifungua mlango akiwa na bakuli la pumba, akatutazama kutoka juu mpaka chini na kutoka chini mpaka juu.

"Mnahama?" akauliza.

"Tunanyoosha viungo," mama akamjibu, kwa adabu zote, kutoka mgongoni kwangu.

Tulikuwa tumeipita ghorofa hiyo nilipoanza kusikia kitu kinanigonga. Mwanzoni nilidhani ni moyo wangu, na nikaona ni haki yake. Lakini wangu nilikuwa nausikia masikioni. Huu mwingine ulikuwa unagonga kati ya mabega yangu, haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi huku akitazama nyuma. Mama aliyekuwa anamtania jirani, mama wa gunia na mfungwa na bingwa wa ndondi, moyo wake ulikuwa unakwenda hivyo. Mimi nimeandika kuhusu kueleka karibu ukurasa mzima, nimetaja mgongo, nimetaja nyonga, nimetaja na kitambaa chenyewe, mbeleko. Hakuna mahali nilipoandika kwamba anayeeleka anausikia moyo wa aliyeelekwa. Nilikuwa sijui.

"Mama," nikasema. "Unaogopa?"

Mikono yake ilinikaza shingoni.

"Nishushe," akasema baadaye.

Nilimshusha pale ngazi zinapokata kona, chini ya kidirisha cha vioo vya ukungu. Akakaa kwenye ngazi, nami nikakaa kando yake. Teksi ilipiga honi tena.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu dada yako alipopiga simu kusema siku imepatikana."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi?" Aliuliza bila ukali, na heri angeuliza kwa ukali. "Kila nikifungua mdomo, wewe unaandika."

Nilijisikia mdogo. Siyo mdogo wa kuelekwa. Mdogo wa kufutikwa kiunoni kama ufunguo na kusahauliwa humo. Siku zote zile mama alikuwa anatafuta njia ya kusema haendi, na mimi nilikuwa namsahihishia njia. Mganga hajigangi, ndiyo, lakini mimi hata huo uganga wenyewe nilikuwa nauona tu kwa mbali.

"Ni kisu?" nikauliza.

"Kisu nimekaa nacho maisha yangu yote, na mkasi. Siogopi kukatwa." Aliweka mkoba vizuri mapajani. "Hivi sasa sioni, nasema ni huyu mtoto wa jicho. Nikikosea mshono, ni yeye. Nikimwaga chai, ni yeye. Nikitazama ile cherehani nasema, subiri, iko siku. Sasa wakishamtoa, nikafungua jicho na bado sioni, baba, hiyo siku itakuwa imepita. Nitaisubiri nini tena?"

Nilifungua mdomo. Nikayaona yanakuja, kwa mstari, kama kawaida yao: kufariji, kuliwaza, kutuliza, kubembeleza, kila moja na kivuli chake. Nikafunga mdomo. Nilimshika mkono, na huo mkono ulikuwa baridi, na vidole vyake bado vina ule ugumu wa ncha ambako sindano zimekuwa zikichoma tangu kabla sijazaliwa.

"Na mimi naogopa," nikamwambia.

"Kisu?"

"Ngazi."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini kilikuwa chake. Tukakaa hivyo kidogo, sikusema kitu na yeye hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza wiki ile tulikuwa tunazungumza.

"Tukiacha leo," nikamwambia mwishowe, "nitampigia dada mimi. Nitasema ni mimi nimeshindwa kukubeba. Ataamini mara moja."

"Ataamini," mama akakubali. Alifikiri. "Lakini gauni nimeshalivaa."

Basi nikajiinua nichutame tena mbele yake, na hapo ndipo mgongo wangu ulipokataa. Haukuuma kwanza. Ulikata tu mawasiliano, nikabaki nusu nimeinama nusu nimesimama, mkono mmoja hewani, kama mtu aliyeanza kumsalimia mfalme akabadilisha mawazo.

"Umekwama?" mama akauliza.

"Nimekwama."

"Kaa basi."

"Siwezi kukaa."

Akaupapasa mkono wangu, akaupata, akauvuta chini taratibu kama anayeshusha pazia, mpaka nikatua kwenye ngazi na machozi ya maumivu yananitoka. Kisha akashusha miguu yake ngazi ya chini, akajisogeza kwa makalio, puu, akatua. Akageuza uso kwangu.

"Njoo," akasema.

Tukasota. Hilo neno tunalo, na ni zuri, na wala halikuwa kwenye karatasi zangu kwa sababu anayesota hajabebwa na mtu. Tulisota ngazi moja baada ya nyingine, mama mbele na mkoba wake, mimi nyuma nikiguna, gauni la kijivu likifagia vumbi la jengo zima. Ghorofa ya pili, mwanamume mmoja mwenye tai alitupisha akabana ukutani na kusema shikamoo. Mama akaitikia marahaba.

"Mama," nikamwambia tulipokaribia chini. "Kumbe ungeweza kushuka hivi tangu mwanzo."

"Ningeweza."

"Sasa kwa nini..."

"Nilikuwa sitaki kufika," akasema, akashuka ngazi nyingine.

Chini, fundi wa lifti alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wake akifunga boksi la spana. Alitutazama tukitokeza kwa makalio kutoka kwenye kona ya mwisho. Nyuma yake taa ya lifti ilikuwa inawaka.

"Ipo tayari," akasema kwa unyonge. "Nimemaliza sasa hivi."

"Hongera, baba," mama akamwambia.

Kliniki, nesi alikuja na kiti cha magurudumu. Alimwangalia mama, aliyesimama ameshikilia kaunta, gauni lina vumbi lakini kidevu kiko juu. Akaniangalia mimi, nilivyojikunja. Akanisogezea mimi kiti.

"Mgonjwa ni mimi," mama akasema. "Huyu ni msindikizaji. Lakini mwache akae, amechoka."

Nikakaa. Ndiyo, nilikaa, na nikasukumwa, na kwenye ule ukumbi wa kusubiri watu walinipa pole nyingi. Walipomwita mama jina lake alisimama kabla nesi hajamaliza kulitamka. Alinitafuta kwa mkono, akanigusa shavu, akaondoka akiwa ameshikwa kiwiko. Nilimwangalia mpaka mlango ukafungwa, na sitafanya mzaha kuhusu saa zile nilizokaa nje ya mlango ule.

Koma alipiga simu nikiwa humo. Aliuliza carry imefikia wapi, kiwanda cha uchapaji kinasubiri. Nikamwambia kueleka bado kuna kitu kinapungua. Akauliza kitu gani. Nikashindwa kumwambia kwa simu, na akasema basi niweke nukta tu, jambo ambalo hajawahi kulisema tena.

Usiku ule mama alilazwa na jicho limefungwa bandeji, mimi nikalala kwenye benchi na nguo zangu za asubuhi. Kulipopambazuka nesi akaja kulifungua. Aliitoa plasta polepole, akatoa pamba, akasafisha ukingo wa jicho, akasema haya mama, tayari.

Mama hakufungua jicho.

"Fungua, mama," nesi akasema.

Bado. Alikuwa amelifumba kwa nguvu, na mikono yake ilikuwa imeshika shuka. Nilijua anachokishikilia. Alikuwa ameishikilia ile siku, isipite. Nikasogea na kile kiti changu cha magurudumu, maana nilikuwa nimerudi kukikalia, nikaweka mkono juu ya mkono wake, na nikanyamaza. Ninajisifu kwa hilo. Katika mambo machache niliyoyafanya vizuri wiki ile, kunyamaza pale ndilo la kwanza, na la pili sijalipata.

Akafungua.

Alimtazama nesi. Akatazama ukuta, ambako palikuwa na tangazo la kunawa mikono, midomo yake ikasogea kidogo. Kisha akageuka akanitazama mimi, muda mrefu, kuanzia nywele.

"Umezeeka," akasema.

Nikajishika nywele.

"Umezeeka lini wewe? Mbona hukuniambia?" Na jicho lile jipya likajaa maji, nesi akamwambia asilisugue. "Na hilo shati. Geuka."

Nikageuza kiti.

"Limefumuka mgongoni lote," mama akasema. "Tangu jana unatembea hivyo mbele za watu?"

Lilikuwa limefumuka kwenye mshono, kutoka bega mpaka kiunoni, pale pale alipokuwa amekaa yeye. Watu wote waliokuwa wakinipa pole walikuwa wameliona, nami nilidhani wananihurumia afya.

Tulirudi nyumbani. Tulipanda kwa lifti, tukiwa tumesimama wima kama watu wa heshima, ila mimi sikuwa wima sana. Daktari alikuwa ameniandikia nilale kifudifudi sakafuni, kwa hiyo nikavua shati, nikalala kifudifudi sakafuni karibu na dirisha, uso kwenye mkeka. Nikasikia mama akivuta kiti. Nikasikia redio inawekwa chini, na shuka inavutwa, na mtoto wa meza ya cherehani unafunguliwa, ule unaokwama kila mara. Alikuwa anatafuta sindano ya mkono.

"Nikutungie?" nilitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililing'ata.

Alikata uzi kwa meno. Akaulowesha ncha. Halafu kukawa kimya, na nilikijua kimya hicho, nilikuwa nimekikuta siku ile dirishani. Akashusha pumzi. Akaulowesha uzi tena. Nje, kwenye roshani ya chini, kuku wa jirani walikuwa wanagombana, na mimi nililala pale na mgongo wangu mbovu, nimefumba macho kama yeye alivyofumba kliniki, sina kisawe hata kimoja cha kile nilichokuwa nakiomba.

"Umeingia," mama akasema.

Kisha akaniambia nisogee kidogo, nilikuwa namkingia mwanga.